Ufito wa Kuchomelea

Gari likitobokewa na bomba la moshi karibu na stendi ya Nyabugogo, dereva huelekea Gatsata, kwenye gereji. Huko Mnyarwanda husema *gusudira*, neno lililotoka katika Kifaransa. Dereva wa Dar es Salaam husema kuchomelea. Kile kijiti kinachoyeyuka, mmoja atakiita rodi, mwingine atatumia jina la Kifaransa, *baguette*. Vitabu husema elektrodi.

Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, na mwanafunzi wa ufundi anastahili neno analoweza kuliona kwa macho. Mimi nashikilia ufito. Elektrodi si kosa, ila inataja umeme peke yake. Ukisema fimbo, hiyo unaishika, kisha unaondoka nayo. Lakini aliyewahi kujenga nyumba ya udongo anajua kwamba fito hufungwa kwenye nguzo, zikakandikwa, zikabaki humo humo ukutani. Kijiti cha fundi ndivyo kilivyo: chuma chake huyeyuka kikawa sehemu ya kiungo. Ganda lake huungua likatoa gesi ya kukinga chuma kilichoyeyuka kisiguswe na hewa, kisha hubaki juu kama gamba la kugongwa kwa nyundo.

Kwa kuwa ufito unaingia kwenye kiungo, unene wake lazima ulingane na bati. Bomba la moshi la gari dogo huwa na unene wa milimita 1 hadi 2 hivi. Ufito mnene hudai umeme mwingi, na bati hutoboka kabla kiungo hakijashika. Dukani huuzwa kwa geji: geji 10 ni milimita 3.2, geji 12 ni 2.5, geji 14 ni 2. Namba ikipanda, ufito unakonda, na hapa ndipo wanagenzi wengi hukosea.

Kwa bomba la moshi la chuma cha kawaida omba geji 14 yenye maandishi E6013. Hiyo 60 ni nguvu ya kustahimili mvuto, paundi 60,000 kwa inchi ya mraba. 1 maana yake unachomelea kwa mkao wowote, hata ukiwa umelala chini ya gari. Tarakimu ya mwisho inaeleza ganda na aina ya umeme. Moto wa E6013 hauchimbi sana. E6010 huchimba, iachie mabomba mazito. Anza na ampea 40 hadi 60, weka donge moja moja, ukisubiri chuma kipoe.

Palipoliwa na kutu hapashiki ufito wowote. Kata mpaka ukute chuma kizima, pachika kiraka, fungua waya wa betri, ndipo uwashe mashine.