Masizi yaliyoibeba platinamu

Katika historia ya seli ya mafuta, sifa karibu zote hupewa platinamu. Naona masizi yamedhulumiwa.

Mwaka 1839 William Grove, mwanasheria wa Wales aliyezama katika sayansi, alitumbukiza vipande vya platinamu ndani ya asidi, kimoja akakipa hidrojeni na kingine oksijeni. Umeme ukapita bila kitu kuungua, na hiyo ndiyo kanuni ya seli ya mafuta. Baada ya muda akang'amua kwamba kazi yote hufanyika pale tu gesi, asidi na metali vinapokutana. Platinamu iliyofichika ndani ya kipande haifanyi lolote, ingawa imenunuliwa kwa bei ileile. Gharama hiyo iliwasumbua watafiti kwa zaidi ya miaka mia moja.

Hidrojeni nayo ni shida kuitunza. Mbadala wake, methanoli, humiminwa kama petroli, na kila molekuli yake, ikikutana na maji, hutoa elektroni sita. Kampuni ya Shell iliihangaikia sana huko Uingereza miaka ya 1960. Lakini methanoli ina ubaya wake: ikivunjika huacha kaboni monoksidi, nayo hung'ang'ania juu ya platinamu hadi nafasi zote zinajaa na kazi inasimama. Dawa iliyopatikana ni rutheniamu. Mwaka 1975 Watanabe na Motoo wa Japani walieleza siri yake: rutheniamu huyavunja maji kwa wepesi zaidi, kisha huipa platinamu iliyo jirani oksijeni ya kuigeuza sumu ile kuwa kaboni dioksidi, ambayo hujiondokea yenyewe.

Lakini metali hizo mbili zote ni adimu, na hapo ndipo masizi yalipookoa jahazi. Masizi ya kiwandani, ndugu ya yale yanayotiwa kwenye matairi na wino, hupitisha umeme, hayaliwi upesi na asidi, na ni rahisi mno. Aina iliyozoeleka maabara, Vulcan XC-72, ina eneo la takriban mita za mraba 250 katika gramu moja, kama uwanja mzima wa tenisi, hivyo metali kidogo hutandazwa juu yake badala ya kufichika ndani.

Kuyavisha metali si uchawi. Masizi hukorogwa majini, ikaongezwa chumvi ya platinamu yenye rangi ya machungwa, kisha borohidridi ya sodiamu ikadondoshwa polepole. Mapovu hupanda, rangi ya machungwa hupotea majini, na platinamu hukaa juu ya masizi kwa chembe za nanomita 2 hadi 4. Unga huchujwa na kuoshwa tena na tena, hadi tone la nitrati ya fedha lisitoe wingu jeupe ndani ya maji yaliyochujwa, ishara kwamba kloridi imekwisha.

Katika maabara ya Los Alamos, Marekani, unga kama huo ulichanganywa na plastiki inayopitisha protoni, ukapakwa kama wino. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990, seli za hidrojeni zilizohitaji miligramu 4 za platinamu kwa sentimita ya mraba zilitosheka na chini ya 0.4. Za methanoli hazikubahatika hivyo. Bado zilidai miligramu kadhaa. Toshiba ilipotoa chaja yake ya methanoli, Dynario, mwaka 2009, iliuza 3,000 tu, tena Japani peke yake.

Methanoli pia hupenya utando unaotenganisha pande mbili za seli na kuivuruga platinamu ya upande wa oksijeni. Kwa sababu hiyo nautazama kwa matumaini mkondo ulioanzia mwaka 1964, Raymond Jasinski alipoonyesha kwamba kampaundi ya kobalti isiyo na platinamu inaweza kuifanya oksijeni imenyuke. Leo watafiti huchoma kaboni pamoja na chuma na naitrojeni, na kinachopatikana hakijali methanoli iliyopenya. Hapo kaboni haibebi tena metali ya mwenzake. Yenyewe ni sehemu ya kichocheo. Kilichobaki ni uimara, kwa kuwa ndani ya asidi vichocheo hivyo bado huchakaa upesi kuliko platinamu.