Dogo wa Rusimbi, Hela ya Dagaa na Laptopu Mbili: Historia Ambayo Muuzaji Hakwambii

Leo umbea wa mastaa naweka pembeni kidogo, kuna ishu imenigusa mtaani kwetu.

Kuna dogo mmoja hapa Rusimbi, jina namhifadhi. Kajifunza kuandika programu kwenye simu, mwaka mzima, simu yenyewe kioo kimepasuka. Huku anawaeditia video wasanii wachanga wa Mwanga kwa mashine ya kuazima. Juzi jioni kanifuata: "Kaka, nichagulie, usije ukanipoteza." Kwenye simu ana picha za laptopu mbili, zote za mtumba. Ya kwanza nyembamba kama sahani, inang'aa, ina stika ya i7. Ya pili ThinkPad T480, nene, nyeusi, imechubuka kona, stika ya i5. Bei zinakaribiana, laki 8 na kitu.

Hela hiyo nusu ni ya mama yake, anaanika dagaa Kibirizi. Sasa wa Dar mtaona laki 8 kitu gani. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inalala. Na 2024 ziwa lilifungwa miezi 3, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti. Akikosea hapa, hakuna ya pili.

Kabla sijamjibu nikamrudisha nyuma kidogo. Na nyie twende pamoja.

Nchi hii ilishawahi kuumia kwa kompyuta. Ya kwanza kabisa ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, inaitwa ICT 1500, dude la kujaza chumba. Baadaye wakahamia kwenye familia nyingine, ICL 1900. Kuhama huko siyo kama kubadili simu ukahamisha namba. Mfumo wa hesabu za serikali ukasumbua, gharama zikapanda, wataalamu wengi ni wa kutoka nje. Mwisho wa siku hesabu zikarudi kwenye makaratasi, na 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, pamoja na televisheni. Ukitaka, uombe kibali maalumu. Yaani wakati wenzetu wanaanza kuchezea kompyuta ndogo za mezani, sisi mlango umefungwa. Wengine wanasema ulikuwa ushamba, mimi naona walikuwa wamenunua kitu ambacho hawakuweza kukirekebisha wenyewe, wakaungua. Tatizo la dogo ni hilohilo, ila la laki 8.

Sasa laptopu zenyewe. Zamani zilikuwa nene, na unene ule ulikuwa na faida: RAM ilikuwa kipande unachochomeka kwenye sloti, diski unachomoa, betri unatoa kwa kubonyeza kitufe. Ikizeeka unaiongezea nguvu. Halafu 2008 Apple wakaleta MacBook Air, nyembamba mpaka inaingia kwenye bahasha, RAM imechomelewa kwenye bodi. 2012 wakafanya hivyo hivyo kwenye MacBook Pro ya kioo cha Retina. Makampuni mengine yakafuata mtindo. Toka hapo RAM uliyonunua nayo siku ya kwanza ndiyo utakayozikwa nayo.

Mimi mwenyewe yamenikuta. Nilinunua nyembamba ya i7 kwenye duka moja mjini, GB 4 za RAM, nikajisemea nitaongeza mbele ya safari. Fundi akaifungua, akaniangalia kwa huruma, akaifunga. Sloti hakuna! Nikifungua programu ya kuediti na kivinjari pamoja inaganda, naenda kunywa chai narudi bado inafikiria.

Na hiyo stika ya i7 ndiyo inaua watu wengi. Namba ya maana ni inayofuata baada ya mstari, inayoonyesha kizazi. Mfano halisi: i7-7500U ya 2016 ina viini 2, yaani wafanyakazi wawili ndani ya chipu. i5-8250U ya 2017 ina viini 4. i5 inamzidi i7! Ukitoa video au ukijenga programu ya Android, hao wawili wa ziada utawaona. Laptopu nyembamba ya dogo ilikuwa na hiyo ya viini 2, RAM GB 8 za kuchomelewa.

Kizazi cha 8 kina siri nyingine. Windows 11 ilipotoka 2021, Microsoft waliweka mstari hapo hapo: Intel kuanzia kizazi cha 8, za nyuma yake zilizopita ni chache sana. Na tarehe 14 Oktoba 2025 wakaacha kuihudumia Windows 10. Ndiyo maana mashine za kizazi cha 6 na 7 zimejaa sokoni kwa bei ya kuvutia. (Ukiweka Linux zinakwenda vizuri tu, kwa mtu wa programu siyo mbaya. Ila programu zako za kuediti zikague kwanza.)

T480 ya 2018 ina sloti 2 za RAM, diski unabadilisha, na betri 2, moja ya ndani na moja ya nje unayoichomoa huku mashine inawaka. Kwa sisi tuliokulia umeme wa majenereta ya dizeli unajua maana yake. T490 iliyofuata 2019, ya nje ikaondolewa na RAM moja ikachomelewa. Lakini siyo malaika: nyingine zina kioo cha 1366 kwa 768, rangi zimepauka, kwa video ni balaa. Tafuta 1920 kwa 1080. Na kama unataka kutengeneza katuni za 3D, hapo unahitaji kadi ya picha ya peke yake, hii haitakubeba.

Dogo bado roho ilikuwa kwenye ile inayong'aa, namwelewa, ukiingia studio na ThinkPad wanakuona karani. Tukaenda kwa mama yake. Nikaeleza viini, kizazi, sloti, mpaka jasho. Akaniacha nimalize, mikono ina magamba ya dagaa, akauliza moja tu: "Mwanangu, hii ikiharibika fundi wa hapa Mwanga anaifungua, au mpaka ipelekwe Dar?" Kumbe injini ya boti ya kaka yake waliinunua kwa swali hilo hilo.

Wakachukua ile nene. Ilikuja na GB 8 na SSD ya GB 256. Mwezi uliofuata dogo kaongeza kipande kingine cha GB 8, kafungua mwenyewe kwa bisibisi, mimi nimeshika tochi ya simu. Wiki hii kanirushia video ya msanii mmoja wa huku, jina mtalisikia tu. Betri ya nje imechoka, inashika saa 1 na nusu, anatafuta nyingine. Mwenye nayo Kigoma au Kasulu aseme hapo chini, na bei aweke ya kibinadamu.