Pogoa, ng'oa, futa: msimbo mkongwe wa mifumo ya faili

Kitenzi *safisha* hakitoshi kueleza kazi inayofanywa kwenye msimbo mkongwe wa mifumo ya faili ndani ya kiini cha mfumo wa uendeshaji. Vitenzi bora zaidi husikika Marambo, yaani Nachingwea na Ruangwa, katika mashamba ya mikorosho.

pogoa *kt.* Kukata matawi yasiyofaa, mti ukibaki (wakulima wengi wa korosho husema *pogolea*). Katika kiini, ni kuondoa vipande vilivyopitwa na wakati huku mfumo wa faili ukiendelea kutumika. Kazi hii haiishi: sehemu ya pamoja ya kiini ikibadilishwa, kila mfumo wa faili unaoitegemea, hata wenye watumiaji wachache, hauna budi kurekebishwa.

ng'oa *kt.* Kutoa pamoja na mizizi. ReiserFS iliingia katika kiini cha Linux mwaka 2001, ikatangazwa mwaka 2022 kuwa itaondolewa, ikang'olewa katika toleo la 6.13 lililotoka Januari 2025. *Fyeka* hakufai hapa, kwani mfyekaji huacha visiki. Mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947 na kufika hadi Nachingwea, ulijifunza tofauti hiyo kwa gharama kubwa.

Kuna ung'oaji wa aina nyingine. Msimbo wa ext3 uliondolewa mwaka 2015, katika toleo la 4.3, lakini diski za ext3 ziliendelea kusomwa kwa msimbo wa ext4. Mkulima angeliita jambo hili *kubebesha*: shina la zamani, kikonyo kipya.

futa *kt.* Hapa ndipo wafasiri hukosea zaidi. Karani wa chama cha ushirika mwenye hesabu za korosho kwenye diski ya ReiserFS, akisoma kwamba mfumo huo "umefutwa", ataamini hesabu zimepotea na huenda akaitupa diski. Akisoma kwamba "umesafishwa", atasasisha kompyuta bila wasiwasi, kisha diski isifunguke. Ukweli ni kwamba data ingali pale pale. Kilichoondoka ni uwezo wa kiini kipya kuisoma.

*Si sahihi:* Mfumo wa faili wa ReiserFS umefutwa.
*Sahihi:* Msimbo wa ReiserFS umeng'olewa katika kiini. Nakili data yako kwenye mfumo mwingine wa faili kabla ya kusasisha.