Watani wa Njia ya Misafara

Kabla ya reli kufika Tabora mwaka 1912, pembe za ndovu zilichukuliwa mabegani mpaka Bagamoyo, safari ya miezi mitatu au zaidi. Wanyamwezi walitoka baada ya mavuno, wakajitahidi kurudi kwao kabla ya mvua za kulimia. Wengine hawakurudi, ugonjwa uliwakuta katika nchi ya watu. Je, ni nani atakayemzika mgeni asiye na ndugu?

Hapo ndipo tuuonapo utani. Wanyamwezi na Wazaramo, waliokutana katika njia hiyo, wakawa watani. Mtu akifiwa, watani hawakungoja ujira: walichimba kaburi, wakasaidia kazi za matanga, wakawatania wafiwa hata wakacheka katikati ya machozi. Mtani aliweza hata kutwaa kitu cha wenye msiba, wala hapana aliyekasirika. Hivyo jamaa waliotawanywa na njia walikusanyika, na wageni wakawa ndugu.

Misafara imekwisha, lakini utani umebaki. Basi nasi tusikiapo kilio kijijini, tusiulize kwanza kama marehemu ni wa kwetu. Tushike jembe twende, udugu utafuata.