Kutafuta Taarifa Mtandaoni: Mafunzo kwa Wakutubi na Wasomaji wa Maktaba za Umma

Maktaba Kuu ya Taifa iliyopo Barabara ya Bibi Titi Mohamed, jijini Dar es Salaam, ilifunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere tarehe 9 Desemba, 1967. Katika miaka hiyo msomaji aliyehitaji taarifa alianzia kwenye kabati la kadi na kutoka hapo akaelekea kwenye rafu. Kitabu alichokikuta rafuni kilikuwa kimekwisha kuchaguliwa na mkutubi, kikaainishwa na kupewa namba. Mtandaoni hakuna aliyemtangulia msomaji kufanya kazi hiyo. Tangazo la Serikali, uvumi na ukurasa wa tapeli huonekana pamoja kwenye kioo kimoja, kwa mwandiko ule ule, na jukumu la kuchagua humwangukia msomaji mwenyewe.

Hiyo ndiyo sababu mafunzo ya kuvinjari na kutafuta taarifa mtandaoni ni sehemu ya huduma ya maktaba sawa na kuazimisha vitabu. Huduma hiyo nchini husimamiwa na Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963 na sasa kuongozwa na sheria ya mwaka 1975. Bodi hiyo pia inamiliki Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka (SLADS) kilichopo Bagamoyo, ambacho huandaa watumishi wa kada hiyo.

Mafunzo huanza na watumishi. Mkutubi hawezi kumwelekeza msomaji katika njia ambayo yeye mwenyewe hajaipita, na stadi ya kwanza anayoihitaji haimo ndani ya kompyuta: ni kuuliza. Msomaji anayefika mezani na kusema, “Nataka habari za mkopo,” anaweza kuwa mwanafunzi anayeomba mkopo wa elimu ya juu, au mwanachama wa kikundi cha wanawake kinachofuatilia mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Anaweza pia kuwa mfanyabiashara anayelinganisha riba za benki. Neno “mkopo” likiandikwa peke yake kwenye mtambo wa kutafutia, huleta yote hayo kwa pamoja, na mara nyingi hutanguliza matangazo ya kulipiwa ya wakopeshaji. Maswali mawili ya mkutubi kabla ya kugusa kibodi huokoa nusu saa.

Uteuzi wa maneno una ugumu wake katika Kiswahili, na miongozo iliyotafsiriwa kutoka lugha nyingine huuruka. Maneno yetu hubadilika mwanzoni: ugonjwa na magonjwa, mkopo na mikopo, cheti na vyeti. Inafaa kujaribu umoja na wingi, kwa kuwa matokeo huweza kutofautiana. Vilevile, jina la kitaalamu hufika mbali kuliko maelezo ya jumla. Mkulima anayeandika “wadudu wa mahindi” atapata kurasa za kila aina, ilhali akiandika “viwavijeshi vamizi” atasogea karibu zaidi na maelekezo ya wataalamu wa kilimo kuhusu mdudu huyo. Baadhi ya nyaraka, zikiwemo sheria nyingi zilizotungwa kabla ya mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyoifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, hupatikana kwa urahisi zaidi kwa jina lake la Kiingereza, na hapo mkutubi anayejua majina yote mawili huwa msaada mkubwa.

Zipo pia alama chache zinazopunguza kelele. Maneno yakiwekwa ndani ya alama za kunukuu hutafutwa kwa mpangilio huo huo. Alama ya kutoa ikitangulia neno, kurasa zenye neno hilo huachwa. Mtafutaji akiongeza site:go.tz, bila nafasi katikati, hupata kurasa za taasisi za Serikali ya Tanzania pekee. Kwa mwananchi anayefuatilia matangazo rasmi, hii ya mwisho inatosha kuwa somo zima la siku ya kwanza.

Somo linalostahili muda mrefu kuliko yote ni kusoma anwani ya tovuti. Tovuti za Serikali huishia na go.tz, za vyuo ac.tz, na za shule sc.tz. Anwani zinazoishia na co.tz ni za kibiashara. Kikoa cha go.tz hutolewa kwa taasisi za umma tu, lakini neno lenyewe linaweza kupachikwa popote katika anwani ya mtu mwingine. Kwa hiyo msomaji hufundishwa kutazama kipande kinachokaribia mkwaju wa kwanza ulio peke yake, kwani hicho ndicho kinachomtaja mwenye tovuti. Anwani yenye jina la wizara mwanzoni lakini inayoishia na com si ya wizara, hata ikibeba nembo ya Taifa. Alama ya kufuli nayo huthibitisha tu kwamba mawasiliano yamefichwa njiani. Haisemi lolote kuhusu uaminifu wa aliye upande wa pili, na kivinjari cha Chrome kiliiondoa mwaka 2023 kwa kuwa watu wengi waliielewa vibaya.

Panapobaki shaka, msomaji asiendelee kuuchunguza ukurasa huo huo. Mwaka 2017 watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwalinganisha wanahistoria, wanafunzi wa chuo hicho na wahakiki wa habari. Wahakiki walifanya vizuri zaidi, na siri yao ilikuwa kuutoka ukurasa mapema, kufungua dirisha jingine na kutafuta wengine wanasema nini kuhusu chanzo hicho. Mbinu hii hufundishika kwa dakika kumi, mradi kompyuta iwe mbele ya mwanafunzi na si mbele ya mkufunzi.

Athari za kukosa stadi hizi huonekana zaidi kwa waombaji wa ajira. Tangazo la kughushi humtaka mwombaji atume “ada ya usaili” kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma haitozi fedha kwa maombi ya kazi, na malipo halali ya Serikali hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo inayotolewa na mfumo. Ujumbe wa simu wa kitapeli hutumwa kwenda namba 15040.

Hatari nyingine hutokana na msaada wenyewe. Msomaji asiyezoea kompyuta huomba afunguliwe barua pepe, na anayemsaidia humtungia nywila ambayo msomaji hatoikumbuka. Wiki tatu baadaye wito wa usaili huingia katika sanduku ambalo mwenyewe hawezi kulifungua. Mtumishi wa maktaba anapaswa kuacha msomaji aandike kwa mkono wake, hata kama foleni ni ndefu, na kugeuza uso nywila inapoandikwa.

Kompyuta ya maktaba hutumiwa na wengi kwa siku. Msomaji akumbushwe kutumia dirisha la faragha, kukataa kivinjari kinapouliza kama kihifadhi nywila, kujiondoa kwenye akaunti kabla ya kuinuka, na kufuta nakala za cheti cha kuzaliwa au kitambulisho cha Taifa alizopakua, pamoja na zilizobaki kwenye kapu la taka. Taarifa hizo zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na mtumishi anayezikuta zimesahaulika hana ruhusa ya kuzifungua wala kuzihifadhi. Anachotakiwa ni kuzifuta kabla ya msomaji anayefuata kuketi.