Kunukuliwa au Kurejelewa?

Baadhi ya wafasiri huandika "uchambuzi wa manukuu" kwa kazi ya kuhesabu mara ambazo maandishi ya mtaalamu hutajwa katika maandishi ya wenzake. Jina hilo lina kasoro, na historia yaionyesha.

Mwaka 1927 P. L. K. Gross na E. M. Gross walihesabu tanbihi za jarida moja la kemia la Marekani, wajue maktaba ya chuo kidogo inunue majarida gani. Mwaka 1964 Eugene Garfield alipotoa faharasa yake huko Philadelphia, alitaka mtafiti aweze kulifuata wazo kutoka makala hadi makala. Kuwapima watu kulishika nguvu baadaye, kana kwamba mizani ya pamba imetundikwa zahanati kupimia watoto.

Mfano tunao karibu. Agosti 1995 jarida la Lancet lilichapa utafiti wa Heiner Grosskurth na wenzake, uliofanywa vijijini mkoani Mwanza, ambao wakati huo ulijumuisha Geita. Kati ya jamii 12, sita ziliboreshewa tiba ya magonjwa ya zinaa: waganga wa vituo vya afya na zahanati walifundishwa kutibu kwa kufuata dalili, na dawa zikapelekwa. Katika miaka miwili maambukizo mapya ya VVU huko yalikuwa pungufu kwa asilimia 40 hivi. Mwaka 1999 jarida lilo hilo likachapa utafiti wa Rakai, Uganda: watu wazima walipewa dawa kwa pamoja, wagonjwa na wasio wagonjwa, na maambukizo ya VVU hayakupungua. Tangu hapo wataalamu huzitaja makala hizo pamoja, wakiuliza kwa nini hazipatani. Katika hesabu, ubishi huo huipa makala ya Mwanza alama sawasawa na sifa.

Buseresere haikuwamo katika utafiti. Ilikuwa Mkoa wa Kagera, na imo Mkoa wa Geita tangu 2012. Mganga wa hapo amtibupo mchimbaji dhahabu kwa kufuata dalili, haandiki tanbihi. Hesabu haimwoni.

Kunukuu ni kuchukua maneno ya mtu kama yalivyo. Kurejelea ni kumwelekeza msomaji kwenye chanzo, ama kwa kukikubali ama kwa kukipinga. Kwa hiyo tunapendekeza "uchanganuzi wa marejeleo", ingawa twajua kuwa "marejeleo" ni pia orodha ya vitabu mwishoni mwa kazi, muktadha utatofautisha. "Kipimo cha athari" hatukukipokea. Fomu ya kupandisha cheo na iulize kazi imerejelewa mara ngapi, na swali la nani ameitumia liwe na nafasi yake.