Habari za Kilima Mbogo

Msafiri atokaye Thika kwenda upande wa mashariki huona mlima mmoja umesimama peke yake katika nchi tambarare. Kimo chake chapita kidogo futi 7,000, nao mbele ya Mlima Kenya ni mtoto tu. Walakini Wamasai waliuita Ol Doinyo Sabuk, maana yake mlima mkubwa, kwani mlima hupimwa kwa nchi iliyouzunguka. Wakikuyu waliuita Kea-Njahe, mlima wa mvua kubwa, wakauhesabu kuwa mojawapo ya mahali anapopumzika Ngai. Waswahili wakauita Kilima Mbogo, kwa sababu ya mbogo wakaao msituni mwake. Nao wamo hata leo.

Mwanzoni mwa karne ya 20 alikuja William Northrup McMillan, tajiri mzaliwa wa Marekani. Alifanya makao yake Juja, na ardhi yake ikafika mpaka mlimani. Mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa amemaliza urais wa Marekani, alikuwa mgeni wake. McMillan aliupenda mno mlima huu, akataka kuzikwa kileleni. Alifariki mwaka 1925. Yasimuliwa kwamba jeneza lake lilivutwa kwa trekta, lakini mtambo ukashindwa na ukali wa mlima, akazikwa papo hapo njiani. Mkewe, Lucie, naye akazikwa karibu naye.

Mwaka 1967 Serikali ya Kenya iliufanya mlima huu kuwa hifadhi ya taifa. Toka langoni hata kileleni ni kiasi cha maili tano na nusu. Atakaye kupanda kwa miguu hufuatana na askari wa wanyama, maana mbogo hana mzaha. Njiani hupita penye makaburi yale. Na akifika juu, mbingu zikiwa safi, huona Mlima Kenya upande wa kaskazini na Kilimanjaro upande wa kusini.

Basi tuangalie jambo hili. Mtu aliyemiliki ardhi nyingi hakukifikia kilele alichokitamani, wala trekta haikumfaa. Lakini leo mtoto wa shule hukifikia kwa miguu yake mwenyewe. Mwenda pole hajikwai. Tupandapo, tusikate mti wala tusiache taka, kwa kuwa mlima uliokuwa wa mtu mmoja sasa ni amana yetu sote.